Akina Lefebvre si ukoo mmoja

Wapo wanaoamini kwamba kila Mfaransa aitwaye Lefebvre ametokana na babu mmoja, tena kabaila mwenye ngome na nembo. Sivyo hata kidogo.

Jina hili lilimaanisha mhunzi, kutokana na neno la Kilatini faber. Katika Zama za Kati karibu kila kijiji kilimhitaji mtu wa kufua majembe, kutengeneza bawaba na kuwapigilia farasi viatu vya chuma. Majina ya utani yalipoanza kurithiwa, familia nyingi zisizojuana ziliangukia jina lile lile, kila moja kwa mhunzi wake.

Tazama ramani. Kaskazini utakuta Lefebvre na Lefèvre; kusini, penye lugha ya Kioksitani, Fabre na Faure; mashariki, Savoie na Uswisi ya Kifaransa, Favre. Bretagne, magharibi, wana Le Goff, maana mhunzi wao aliitwa kwa Kibretoni, lugha yao wenyewe. Jean-Henri Fabre, mtaalamu wa wadudu, na Gabriel Fauré, mtunzi wa muziki, wanabeba kazi ile ile bila kulazimika kuwa ndugu.

Na ile b ya Lefebvre? Haitamkwi, wala si alama ya ukabaila. Makarani waliichomeka ili kukumbusha Kilatini. Kwa kuwa zamani u na v hazikutenganishwa, wengine walisoma Lefebure, nalo likawa jina kamili.

Mfalme Louis XIV alipofuta mwaka 1685 Amri ya Nantes, iliyowaruhusu Waprotestanti wa Ufaransa kuabudu, Waprotestanti waliokimbia walilipeleka jina hili Uingereza. Huko Quebec, Kanada, walilifikisha walowezi, nao pia walitoka katika familia tofauti.