Mahojiano ya daktari wa akili si ramli

Jioni moja Ngamiani, Tanga, kwenye kahawa, mzee mmoja alisema: "Malaria ina kipimo. Haya matatizo ya haiba, ya tabia ya mtu na anavyoishi na wenzake, mnaulizana maneno tu, kila daktari na lake." Baraza zima likacheka.

Anachosema kinafaa kwa mazungumzo huru, daktari akiuliza linalomjia. Hapo wawili hutofautiana kweli. Lakini yako mahojiano yenye mpangilio: maswali yameandikwa, mifano inadaiwa ("mara ya mwisho uligombana na nani, ukafanyaje?"), na kila alama ina maelezo yake. Kipimo cha haiba kilichotoka Marekani mwaka 2013 ndani ya DSM-5, kitabu cha madaktari cha kutambulia magonjwa ya akili, kina ngazi 0 hadi 4; kinatazama mtu anavyojitambua, malengo yake, anavyowaelewa wenzake na ukaribu wake nao.

Uthabiti wa mahojiano hayo, yaani watathmini tofauti kutoa alama ileile, hupimwaje? Watathmini wawili husikiliza mahojiano yaleyale, kila mmoja anaweka alama bila kuchungulia za mwenzake, kisha zinalinganishwa. Kapa, hesabu ya Jacob Cohen ya 1960, huondoa makubaliano ya bahati: 0 ni kubahatisha, 1 ni kuafikiana kabisa. Kurudia siku nyingine na mhojaji mwingine ni mtihani mgumu zaidi, maana mgonjwa naye hubadilika. Asiyelala hujieleza vingine.

Ila kukubaliana si kuwa sahihi. Mizani mbili mbovu zaweza kutoa kilo ileile. Na sisi watu wa pwani tumelelewa kusitiri ya nyumbani. Mhojaji asiyejua hilo ataandika "hana tatizo" kwa mkono thabiti kabisa.