Gulyás si rojo: yanayosemwa na yaliyomo bakulini, soko kuu la Budapest

Waulize watu gulyás, chakula mashuhuri cha Hungaria, ni nini, wengi watakwambia ni nyama iliyopikwa ikashika rojo zito. Nenda na dhana hiyo Nagyvásárcsarnok, soko kuu la Budapest lililofunguliwa mwaka 1897 karibu na Mto Danube, panda juu kwenye vibanda vya chakula, agiza. Utaletewa supu. Hujapunjwa: gulyás ya Wahungaria ndiyo hiyo, nyama ya ng'ombe, viazi na karoti ndani ya mchuzi mwepesi mwekundu, unakunywa kwa kijiko na mkate pembeni. Neno lenyewe ni mchunga ng'ombe, maana wachungaji ndio walioipika machungani, chungu kikining'inia juu ya moto. Lile rojo ulilokuwa ukilitafuta huitwa pörkölt. Likitiwa krimu chachu linakuwa paprikás, mara nyingi ya kuku. Wapishi wa nchi za nje walichukua jina la sufuria moja wakalibandika kwenye nyingine, basi likaganda.

Kisha kuna woga wa kuwashwa na pilipili. Mgeni akiona mashada ya pilipili nyekundu yaliyotundikwa sokoni, anaanza kuulizia maji kabla hajaonja. Lakini paprika, yaani unga wa pilipili hizo, inayotiwa katika vyakula vingi ni tamu, na kazi yake ni rangi na harufu. Soma pakiti: édes ni tamu, csípős ni kali. Ugumu wake uko jikoni. Vitunguu vikishalainika kwenye mafuta, mpishi huepua sufuria kwanza ndipo anatia unga wa paprika na kukoroga upesi, kwa sababu una sukari na ukiungua huwa mchungu, na chakula chote kimeharibika.

Wala paprika si zao la asili la Hungaria, ingawa ukiwaambia hivyo wenyewe huenda wakanuna. Mmea ulitoka Amerika, kama pilipili zetu za pwani, ukaingia kule zama za utawala wa Waosmani. Hata hivyo waliufanyia makubwa: mjini Szeged, mwanasayansi Albert Szent-Györgyi alipata vitamini C kwa wingi kutoka kwenye paprika, na mwaka 1937 akatunukiwa Nobeli.

Kuhusu lángos, wapo wanaoiita piza ya Hungaria. Ni unga uliokandwa kwa hamira ukakaangwa, ukapakwa kitunguu saumu na krimu chachu, jibini ikanyunyizwa juu. Mla maandazi ataifahamu kwa mkono tu. Na si kweli kwamba tangu zamani ilikuwa ya kukaangwa. Láng ni mwali wa moto: kinyunya cha mkate kilichobaki kiliokwa karibu na miali ya tanuri.

Soko lenyewe halikujengwa kwa ajili ya watalii. Msanifu majengo Samu Pecz alilichora ili mji upate chakula, na hadi leo nyama na mboga ziko chini, achari na samaki chini zaidi.

Msomaji Mwislamu asiridhike na kuambiwa "ni ng'ombe". Mapishi ya jadi huanza na mafuta ya nguruwe, na supu ya maharage mara nyingi huwa na nguruwe wa moshi ndani. Zsír ndiyo mafuta hayo. Litaje neno hilo kabla hujalipa.