Seli nyumbufu huanzia kwenye jigi

Kiwanda kikitaka seli ya uzalishaji nyumbufu, yaani kikundi cha mashine na roboti kinachoweza kutengeneza vipuri vya aina nyingi, swali la kwanza huwa la roboti: ibebe kilo ngapi, ifike umbali gani. Mimi huomba michoro ya vipuri vyote, nikaitandaza mezani na kuipanga kwa mafungu: vipuri vya maumbo yanayokaribiana, malighafi moja, na nyuso zilezile za kuegemea wakati wa kukatwa. Mafungu yasipoonekana, sina cha kubuni.

Mwaka 1986 Ramchandran Jaikumar wa Harvard alilinganisha mifumo ya aina hii ya Marekani na ya Japani. Kwa wastani mfumo wa Marekani ulitengeneza aina 10 za vipuri, wa Japani 93, ilhali mashine zenyewe zilikuwa zikifanana. Wamarekani walizitumia kutoa kitu kilekile kwa wingi. Hata leo nazikuta seli za namna hiyo: unyumbufu umelipiwa, haujatumika.

Kinachozuia unyumbufu huo ni jigi, yaani kifaa kinachoshikilia kipuri kinapokatwa, na kabati ambamo mashine huweka zana zake za kukatia. Tuseme kabati lina nafasi 60, na kila kipuri kinahitaji zana 25. Viwili vinaenea, cha tatu hakipati nafasi mpaka wachoraji wa vipuri wakubali vipenyo vichache vya matundu na skrubu za saizi moja. Kuwashawishi ni kazi ngumu kuliko kuandika programu.

Jigi nazo ziwe na kitako cha aina moja, ili fundi afunge kipuri kipya kwenye paleti (meza ya kuhamishika) ya pembeni huku mashine ikikata kingine. Ni wazo la Shigeo Shingo, mhandisi wa Kijapani: tayarisha nje chochote kinachoweza kutayarishwa bila kusimamisha mashine.

Halafu kuna uchafu, adui ninayemwogopa kuliko wote. Fundi mzoefu hupitisha kidole kwenye kiti cha jigi, pale kipuri kinapokaa, bila hata kufikiri. Akigusa chembe ya chuma, anaifuta. Roboti haina habari. Itaweka kipuri juu ya chembe hiyo, kitakaa upande, na mashine itakata vibaya kwa usahihi mkubwa. Kwa hiyo naweka hewa ya kupuliza kiti kabla ya kupakia, na katika kila sehemu ya kuegemea natoboa kitundu kinachotoa hewa. Kipuri kikikaa sawasawa, kitundu huzibika na shinikizo hupanda. Lisipopanda, mashine haianzi.

Ishara kati ya roboti na mashine ni chache: mlango umefunguka, jigi imebana, mkono umetoka. Kuziunganisha si tabu. Tabu ni kazi ikikatika katikati, kwa sababu seli lazima ikumbuke kila kiti kina kipuri gani na kimefikia hatua ipi. Siku ya makabidhiano nakata umeme roboti ikiwa imeshika kipuri hewani, kisha namwachia fundi wa zamu airudishe seli kazini mwenyewe. Akilazimika kuniita, sisaini.