Kwa nini picha hizi za Gulu hazina nyuso?

Mtu ameketi, mikono magotini, koti limemvaa kuliko alivyolivaa. Mahali pa uso pana tundu la mstatili. Picha za namna hii zilikuwa zikibaki Gulu Real Art Studio, kaskazini mwa Uganda. Mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, alizikusanya, na mwaka 2013 zikatoka kitabuni na kuonyeshwa New York.

Anayeziona mara ya kwanza huwaza vita. Gulu ni Uacholini, eneo lililoteseka karibu miaka 20 kwa vita vya waasi wa Joseph Kony, kwa hiyo tundu lile husomwa kama utu uliofutwa, au kilio cha msanii. Ndivyo tulivyozoeshwa kuitazama picha yoyote kutoka huko: tunatafuta jeraha kwanza. Kumbe nyuso zile ziliondoka na wenyewe, zikabandikwa kwenye fomu na vitambulisho. Kilichobaki studio ni kama vipande vya kitenge chini ya cherehani ya fundi.

Sababu ni pesa. Mashine ya picha za kitambulisho ilitoa picha 4 kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji zote. Ni sawa na kutaka yai moja la rolex, ile chapati ya Uganda inayoviringishwa na mayai, ukauziwa trei nzima. Nafuu ikawa kupiga picha moja ya kawaida, kuisafisha, kisha kukata uso.

Lakini mwili wote wa nini? Pima mwenyewe. Tuseme kichwa kwenye picha ya kitambulisho kina sentimita 3, na karatasi ina urefu wa sentimita 15. Kichwa kinachukua sehemu moja kati ya tano. Ukimsogelea mteja, kichwa kinazidi kipimo na unapokata unapoteza kidevu. Ukirudi nyuma mno, uso unakuwa mdogo hata karani hamtambui mtu. Kwenye umbali unaofaa, sehemu nne zilizosalia hujazwa na mabega, mikono, magoti, pengine na mtoto aliyepakatwa.

Vita havikosekani kabisa: miongoni mwa waliohitaji vitambulisho walikuwamo walioviishi. Ila tundu lenyewe halithibitishi hilo. Mikono ndiyo inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyeipanga kwa ajili yetu. Kila mteja alijua ni uso tu utakaotoka.