Gari kunusa mafuta: maana yake, na kinacholifanya gari dogo la gia za mkono linuse

Muuza magari akikuambia "hii inanusa tu mafuta", anamaanisha gari linakwenda mbali kwa mafuta kidogo. Kinyume chake ni gari linalobwia, au linalokunywa. Ni usemi mzuri, ila hauna namba, na bila namba huwezi kujua kama unasonga mbele au unarudi nyuma. Kunusa mafuta ni uwiano wa vitu viwili: umbali uliokwenda na lita zilizoungua. Umekwenda kilomita 420 kwa lita 30? Basi gari lako linakwenda kilomita 14 kwa lita.

Uwiano huohuo husomwa pia kwa kuugeuza: lita ngapi kwa kila kilomita 100. Kwa mfano wetu ni lita 7.1. Usomaji huu wa pili ni wa haki zaidi, na inafaa kuona kwa nini. Aliyetoka kilomita 8 kwa lita akafika 10 ameokoa lita 2.5 katika kila kilomita 100. Aliyetoka 16 akafika 18 ameokoa lita 0.7 tu, ingawa wote wawili watakuambia "nimeongeza kilomita mbili". Kwa hiyo gari lililo na hali mbaya ndilo lenye mengi ya kuokoa, na ndilo la kuanza kushughulikiwa.

Kupima ni kazi ya tenki kwa tenki. Jaza mpaka bomba la sheli lijikate mara ya kwanza, usiongezee hata kidogo baada ya hapo, kisha rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida mpaka tenki libaki robo, rudi kwenye pampu ileile, gari likiegeshwa upande uleule, ujaze tena mpaka bomba lijikate. Lita zilizoingia ndizo ulizotumia. Mshale wa mafuta kwenye dashibodi haufai kwa hesabu hii. Hushuka polepole juu na haraka chini, au kinyume, kutegemea umbo la tenki. Fanya hivyo kwa matenki matatu uchukue wastani. Na kama tairi zimebadilishwa saizi, hesabu itakudanganya: ukitoa 155/80R13 ukaweka 165/70R13, mzingo wa tairi unapungua kwa karibu asilimia 3, hivyo kihesabu kitaandika kilomita ambazo hukuzitembea.

Mafuta yanaishia wapi

Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Katika injini ndogo ya petroli, kwa uendeshaji wa kawaida, kama robo tu ya hiyo ndiyo inayofika kusukuma gari, yaani megajuli 8. Sehemu nyingine inatoka kama joto kupitia ekzosi na rejeta.

Sasa chukua gari la kilo 900, likiwa na dereva na mzigo mdogo kilo 1,000, likitoka kwenye kusimama mpaka kilomita 60 kwa saa. Nishati ya mwendo huo ni kilojuli 139 hivi. Gawanya kwa megajuli 8 na utapata mililita 17 za petroli. Hicho ni kijiko kimoja cha chakula, kimejaa na kumwagika kidogo. Ukikanyaga breki mpaka gari lisimame, kijiko chote kimegeuka joto kwenye diski na ngoma za breki, na hakirudi. Hesabu breki unazokanyaga kati ya nyumbani na kazini, utajua vijiko vyako vya kila siku.

Barabara kuu nayo ina vijiko vyake. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro kuna vibao vya 50 kila penye makazi. Gari la kilo 1,000 linaloshuka kutoka 80 hadi 50 kwa breki linatupa mililita 18 au 19, halafu linazinunua upya baada ya nyumba za mwisho. Dereva anayeachia mafuta mapema, kibao kikiwa bado mbali, anafika kwenye 50 bila kugusa breki na hajachelewa hata dakika moja.

Gia ya juu, mizunguko michache

Hapa ndipo gari la gia za mkono linampa dereva uwezo mkubwa, kwa sababu ni yeye anayeamua injini izunguke mara ngapi kwa kasi ileile. Ukiwa 50 kwa gia ya tatu na ukiwa 50 kwa gia ya tano, gari linahitaji nguvu ileile, lakini gharama si moja.

Sababu ni mbili. Kwanza, kila mzunguko una msuguano wake wa pistoni, mikono ya pistoni na vali. Mizunguko ikiwa mingi, msuguano nao ni mwingi. Pili, na hili wengi hawalijui, injini ya petroli hudhibitiwa kwa kuibana hewa. Ukigusa pedeli kidogo, kilango cha hewa kinafunguka kidogo, na pistoni zinavuta kupitia tundu jembamba. Ni kama kunywa uji mzito kwa mrija: nguvu nyingi inaishia kwenye kuvuta. Kwa gia ya juu unalazimika kukanyaga zaidi, kilango kinafunguka zaidi, na injini inapumua kwa raha. Ndiyo maana pedeli iliyokanyagwa hadi nusu kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika inaweza kula kidogo kuliko pedeli iliyoguswa tu kwenye mizunguko 3,500.

Kwa injini za cc 1000 hadi 1300 zenye injekta (vinyunyizio vya mafuta vinavyoongozwa na kompyuta), mfano Vitz ya kwanza au Starlet yenye injini ya 4E-FE, gia ya kwanza ni ya kuondokea tu. Ingiza ya pili kwenye kilomita 15 hivi kwa saa, ya tatu kwenye 30, ya nne kwenye 40 hadi 45, ya tano kwenye 55 hadi 60, barabara ikiwa tambarare. Mshale wa mizunguko usivuke sana 2,500. Wala usiondoke kwa kusitasita mno: kukanyaga wastani na kubadilisha gia mapema ni bora kuliko kujivuta kwenye gia ya pili kwa mita mia mbili. Kukanyaga mpaka chini nako hakufai, kwa sababu kompyuta ya injini huongeza mafuta kupita kiasi pale unapodai nguvu zote.

Kuna mpaka wa chini. Gari likianza kutetemeka, dashibodi ikalia, au ukasikia injini inagonga kama kokoto kwenye mkebe, umezidisha. Rudisha gia moja. Kulazimisha gia ya tano kwenye mlima kunaumiza beringi za injini na hakuokoi chochote.

Kushuka mteremko: gia au fri?

Hili ndilo jambo ambalo madereva wengi wanalikosea, na kosa lenyewe linaweza kuua. Inaaminika kwamba ukifika kwenye mteremko ukaweka fri, yaani ukatoa gia, mafuta hayatumiki. Sivyo. Gari likiwa fri, injini inaunguruma sailensa, yaani mzunguko wa chini bila kukanyagwa mafuta, na inakula, kwa gari dogo, kama nusu lita au zaidi kidogo kwa saa. Likiwa ndani ya gia, mguu umetoka kabisa kwenye mafuta, injini imeshapata moto na mizunguko iko juu ya 1,500 hivi, kompyuta inafunga injekta zote. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na petroli inayoingia ni sifuri. Mizunguko inapokaribia ya sailensa injekta zinafunguka tena, na ukiwa makini utahisi gari linakuwa jepesi, kama limesukumwa kidogo kwa nyuma.

Kwa hiyo kwenye mteremko mkali, kama ule wa Kitonga ukitokea Iringa, gia ya tatu au ya pili inakushikia gari, inalinda breki zisipate moto mpaka zikashindwa kushika, na haitumii tone. Kuzima injini kabisa ni hatari zaidi: kisaidizi cha breki kinaishiwa nguvu baada ya mikanyago michache, na usukani wenye pampu unakuwa mzito ghafla. Kwenye mteremko mdogo, ambapo gia ingepunguza mwendo mpaka ulazimike kukanyaga tena, gusa mafuta kidogo tu ukiwa kwenye gia ya tano.

Gari la kabureta halina tabia hii ya kufunga injekta, maana injekta hazipo. Hata hivyo mlimani linashuka na gia vilevile, kwa ajili ya breki.

Foleni ina hesabu fupi. Injini inayounguruma gari likiwa limesimama inatumia karibu mililita 10 kwa dakika. Ukijua utasimama zaidi ya dakika moja, na betri na stata ni nzima, zima. Acha nafasi mbele ili gari litambae kwa gia ya kwanza au ya pili bila kusimama na kuondoka kila mita tano, na kwenye kipilefti fika polepole wakati nafasi inafunguka. Kwenye kilima usilishike gari kwa nusu klachi; vuta breki ya mkono. Klachi iliyochoka hujionyesha mlimani kwenye gia ya nne: mizunguko inapanda, kasi haipandi.

Ubovu unaokula mafuta kimyakimya

Nianze na themostati, vali inayoruhusu au kuzuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta, kwa kuwa ndiyo inayoonewa kuliko kifaa kingine chochote. Gari likichemsha, mafundi wengi huing'oa na kuitupa, wakisema nchi zetu ni za joto. Themostati haipo kwa ajili ya baridi ya nchi. Ipo ili injini ifike haraka kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Bila hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na barabara kuu injini inabaki vuguvugu. Kompyuta inaiona kama injini iliyowashwa sasa hivi, hivyo inazidisha mafuta. Dalili ni mshale wa joto kubaki chini ya sehemu yake ya kawaida ukiwa kwenye mwendo, hasa asubuhi. Kuijaribu ni rahisi: itumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uchemshe. Imeandikwa digrii zake, nyingi za Toyota ni 82. Maji yakikaribia hapo vali yake inaanza kuachia, na kabla ya maji kuchemka inakuwa wazi kabisa. Ikikaa wazi kwenye maji baridi, nunua nyingine.

Inayofuata ni breki inayobana. Endesha kilomita kadhaa ukikwepa kukanyaga breki, simama kwa kuliacha gari lipungue lenyewe, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko ya upande wa pili, inua gurudumu hilo kwa jeki uzungushe kwa mkono. Likigoma, mara nyingi pini za kalipa zimekauka au pistoni imeshika kutu. Pini hupakwa grisi ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake na tatizo linarudi kubwa zaidi.

Upepo wa tairi pimwa asubuhi kabla ya kutembea, kwa kiwango cha kibandiko kilicho kwenye mlango wa dereva. Magari madogo mengi ni PSI 30 hadi 33. Kila PSI inayopungua kwenye tairi zote inagharimu takriban asilimia 0.2 ya mafuta, hivyo tairi zilizoshuka hadi 20 hazikufilisi peke yake, lakini zinaliwa pembeni na kupata moto. Oili nzito ya 20W-50 kwenye injini iliyotengenezewa 5W-30 nayo inaongeza msuguano.

Kuhusu ea klina kuna imani iliyopitwa na wakati. Kwenye kabureta, ikiziba, mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi. Kwenye injekta kompyuta inapunguza mafuta kulingana na hewa, hivyo unachopoteza zaidi ni nguvu. Ibadilishe, lakini usiitegemee kurudisha kilomita. Plagi ndizo zitakuambia ukweli: fungua moja. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, ni sawa; ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, mafuta yamezidi. Hapo kagua kwanza themostati, kisha sensa ya joto la maji, kisha sensa ya oksijeni kwenye ekzosi.

Hewa na mzigo

Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Kutoka 80 kwenda 100 unaongezeka kwa asilimia 56. Keria tupu juu ya paa unailipia kila kilomita, kwa hiyo ifungue usipobeba kitu. Mjini fungua vioo. Juu ya 80 vifunge na utumie kiyoyozi kwa kiasi.

Kirikuu, yaani pikapu ndogo, za Suzuki Carry zenye cc 660 zina kanuni yake. Gia zake ni fupi na injini ni ndogo, hivyo kuingiza gia ya juu kwenye mizunguko 2,000 ikiwa na mzigo kutaifanya itetemeke tu. Isubiri mpaka 3,000 au 3,500. Kwenye 80 injini yake inazunguka zaidi ya mara 4,000 kwa dakika hata kwenye gia ya tano, nayo bodi imesimama kama ukuta mbele ya upepo. Kwa gari hilo akiba kubwa ipo kati ya 60 na 70, turubai likiwa limekazwa lisipepee.