Maficho ya krapi ni nini, na kwa nini yanabadilika kila msimu

Kwa wavuvi wa ndoana wa Marekani, maficho ni kitu chochote kilichomo majini ambacho samaki anaweza kujibanza kando yake: kisiki, mti ulioanguka, rundo la matawi, nguzo za gati, ukingo wa magugu maji. Krapi, samaki anayeitwa crappie kwa Kiingereza, anapenda maficho kuliko samaki wengi wa maziwa ya huko, na ndiyo maana anayeanza kumvua huambiwa jambo moja tu: tafuta visiki. Basi anakwenda, anakuta visiki tele, anashinda navyo kutwa nzima na hadonolewi hata mara moja. Aliambiwa nusu ya habari. Msimu ndio unaoamua krapi atakaa kina gani, na maficho yanaamua tu ni sehemu ipi ya kina hicho atakayosimama. Kisiki kilicho kwenye kina kisicho cha msimu huo hakina samaki, hata kiwe kizuri namna gani.

Naliandika hili hasa kwa ajili ya wenzetu walioko Louisville, Bowling Green, Nashville, Dallas na kwingineko, ambao wengi wamekulia kando ya Tanganyika, Kivu au Viktoria. Maji wanayajua. Kinachowapiga chenga ni majira manne, kwa sababu ziwa la Kentucky la mwezi Aprili na ziwa hilohilo la mwezi Agosti ni kama maji mawili tofauti.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Krapi yuko jamii moja na besi (bass), yule aliyepandikizwa Ziwa Naivasha katika miaka ya 1920. Wako wa aina mbili. Krapi mweupe ana michirizi ya wima ubavuni na miiba 5 au 6 kwenye pezi la mgongoni. Krapi mweusi ana madoa yaliyotapakaa bila mpango, na miiba 7 au 8. Mweupe huvumilia maji ya tope, mweusi hupendelea maji maangavu yenye majani. Wengi wanaovuliwa wana urefu wa sentimita 20 hadi 30. Krapi mweupe mkubwa kuliko wote katika rekodi za dunia alivuliwa Enid Lake, Mississippi, mwaka 1957, akiwa na uzito wa takriban kilo 2.35. Mweusi aliyeshika rekodi alitoka kwenye bwawa dogo la Tennessee mwaka 2018, kilo 2.46 hivi.

Katika umbo lake kuna mambo mawili ya kushika. Macho yake ni makubwa na yanaangalia juu, kwa hiyo hula kwa kupanda. Chambo kikipita juu yake kidogo atakifuata. Kikipita chini yake, kwake ni kama hakipo. Tena mdomo wake ni utando mwembamba, unachanika upesi.

Masika ya Marekani, yaani kipindi cha kutoka baridi kwenda joto, ndiyo wakati ambao hata mtoto aliyesimama ukingoni anaweza kumpata. Maji yakifika nyuzi 10 hadi 13 za selsiasi, makundi huanza kutoka kilindini na kuelekea kwenye vihori, yaani ghuba ndogo za ziwa. Hawaji kwa mkupuo. Hufuata mkondo wa kijito cha zamani uliozama chini ya ziwa, na husimama njiani kwenye visiki vya mwisho kabla ya sehemu zenye kina kifupi, wakisubiri maji yapate joto. Maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 hutaga. Florida jambo hili hutokea hata mwezi Februari, Kentucky ni Aprili, na Minnesota kule kaskazini ni Mei hadi Juni.

Dume ndiye anayetangulia. Rangi yake hukolea, hufagia kiota chini ya tawi au kando ya shina, na jike akishataga na kuondoka, yeye hubaki akiyapepea mayai kwa mapezi na kuwafukuza wadokozi. Kwa sato tuliyemzoea mambo ni kinyume: jike ndiye anayebeba mayai mdomoni na kwenda nayo. Mayai ya krapi hayahami, kwa hiyo dume akitolewa kiotani mayai yake hayana mlinzi. Mimi naona ni sawa kuvua wakati huu kwa ajili ya kitoweo, ila kukomba kihori kizima kwa kuwa tu samaki wamejipeleka ni kuula mtaji.

Kina cha viota kinategemea uangavu wa maji. Penye tope, nusu mita inatosha. Penye maji maangavu hushuka mita 2 au zaidi. Viota hukaa vingi pamoja, kwa hiyo ukimpata mmoja usiharakishe kuondoka. Na upepo wa baridi ukirudi ghafla, kama unavyofanya mara kwa mara mwezi Aprili, usidhani wametoweka. Wamerudi nyuma kwenye visiki vile walivyosimama wakija. Wafuate kwa njia ileile.

Kiangazi ndicho kinachowatoa watu jasho, na hapa ndipo maana ya maficho inapoonekana wazi. Jua hupasha maji ya juu, nayo yakishapata joto huwa mepesi na kuelea juu ya yale ya baridi bila kuchanganyika. Kati yao hutokea mpaka, katika mabwawa mengi ya kusini kwenye mita 4 hadi 7 hivi. Chini ya mpaka huo majani na viumbe vinavyooza humaliza oksijeni, na hewa mpya haishuki kufidia. Samaki hawezi kukaa huko. Sasa chukua rundo la matawi lililozamishwa mita 9. Mwezi Agosti halina kitu kabisa. Mwezi Januari, baada ya mpaka kuvunjika, rundo hilohilo linaweza kujaa krapi kutoka chini hadi juu. Matawi hayajabadilika hata kidogo.

Ndiyo maana nguzo za madaraja ni maficho mazuri sana wakati wa joto. Nguzo inasimama kutoka chini hadi juu, hivyo krapi huchagua kina anachotaka na kubaki na kivuli. Wengi huning'inia katikati ya maji, juu kidogo ya ule mpaka, wakiwangojea shadi. Hao ni samaki wadogo wa fedha wanaotembea kwa makundi, ukoo wa karibu na dagaa wa Tanganyika. Usiku wavuvi wa kusini hufunga chombo chini ya daraja na kuwasha taa juu ya maji. Mwanga huvuta viumbe vidogo visivyoonekana kwa urahisi, hao huwavuta shadi, na shadi humvuta krapi. Aliyewahi kuona karabai za wavuvi wa dagaa Kigoma hahitaji kufundishwa zaidi. Tofauti ni kwamba hapa wavu hautupwi. Unateremsha ndoana pembezoni mwa mwanga, mahali ambapo nuru inakutana na giza, kwa sababu krapi hupenda kusimama gizani na kushambulia kwenye mwanga.

Maficho mengine huwekwa na binadamu. Mabwawa makubwa ya Marekani yanazeeka. Visiki vilivyokuwepo siku yalipojazwa vinaoza. Kwa hiyo idara za samaki na wanyamapori za majimbo kadhaa, Kentucky ikiwemo, hukusanya miti ya Krismasi baada ya sikukuu, huifunga kwenye matofali ya zege na kuizamisha. Katika muda mfupi magome hupata utelezi wa kijani, wadudu hujazana, vidagaa hufuata. Idara nyingi hutoa ramani za mahali zilipozamisha. Ramani hizo ni za bure, nazo ni mwanzo mzuri kuliko chombo chochote cha kununua dukani. Ukizisoma, usiangalie alama peke yake. Angalia alama iko kwenye kina gani, kisha jiulize kama ndicho kina cha mwezi huu.

Njia nyingine haihitaji hata mashua. Kentucky Lake, bwawa la Mto Tennessee ambalo ukuta wake ulikamilika mwaka 1944, hushushwa karibu mita 1.5 kila majira ya baridi ili kuacha nafasi ya maji ya mafuriko. Wakati huo ukingo hubaki wazi. Nenda ukatembee kwenye vihori kama vya Jonathan Creek au Blood River ukiwa na buti na simu. Utaona visiki vyenye mizizi iliyochimbuliwa na mawimbi, vigingi vilivyopigwa na wavuvi kwa mkono, mfereji mdogo uliokata tope kuelekea ndani. Piga picha, weka alama. Vyote hivyo vitakuwa chini ya maji mwezi Aprili, na wewe utajua ni kipi kilicho karibu na mfereji ule. Kisiki kilicho kando ya mfereji ni bora kuliko kumi vilivyo katikati ya tambarare, maana samaki anaweza kushuka na kupanda bila kusafiri mbali.

Kuna ziwa moja linalopindua mambo haya. Reelfoot, kaskazini magharibi mwa Tennessee, lilizaliwa na matetemeko ya ardhi ya mwaka 1811 na 1812; ardhi ilididimia na maji yakaufunika msitu. Wastani wa kina chake haufiki mita 2, na visiki na miti ya saipresi inayoota majini imetapakaa kila upande. Pale kuambiwa “tafuta visiki” hakumsaidii mtu. Penye maficho kila mahali, kinachotafutwa ni tofauti ndogo: dimbwi lililozidi kina kwa sentimita 30, au mwanya kati ya magugu.

Katika maji yaliyojaa miti namna hiyo, kurusha ndoana mbali ni kutafuta kunasa. Wavuvi wa krapi hutumia ufito mrefu, mita 3 hadi 4 na ushei, na kuteremsha chambo wima kando ya shina. Chambo ni samaki mdogo aliye hai, au jigi, yaani ndoana ndogo yenye kichwa cha madini ya risasi cha gramu 1 au 2 na kivazi cha manyoya au plastiki. Ndoana iwe ya waya mwembamba. Ikinasa kwenye tawi unavuta polepole, inanyooka na kutoka, unaikunja upya kwa koleo na kuendelea bila kuvuruga mahali.

Namna anavyodonoa ndiyo inayowapita wageni. Unangoja boya lizame, nalo halizami. Linalala ubavu. Maana yake krapi amekuja kutoka chini, amekinywa chambo na kupanda nacho, na uzito uliokuwa ukilisimamisha boya haupo tena. Hapo usipige mkwaju wa nguvu. Inua ufito tu, taratibu na bila kulegeza uzi, kisha mchote kwa wavu wa mkono. Ukimkwapua, mdomo unachanika na anarudi majini akiwa na jeraha.

Vuli nitaipita haraka, kwa sababu samaki wenyewe hawatulii. Maji ya juu yakipoa huwa mazito, huzama, na ziwa lote hujichanganya. Kwa siku kadhaa oksijeni iko kila kina na krapi hutawanyika. Wafuate shadi wanaoingia kwenye vijito. Ukiona vidagaa wakirukaruka majini kwenye mdomo wa kihori, anza hapo.

Baridi ikikaza, makundi hukusanyika kwenye mikondo ya zamani iliyozama, mara nyingi mita 6 hadi 9, kwenye rundo au kona ya mkondo. Mwili wa samaki umepoa, chakula kinasagika polepole, hivyo chambo kiwe kidogo na kisitikiswe sana. Minnesota hutoboa barafu na kuvua kupitia tundu. Ni wakati huu pia ambapo sona za kutazama mbele, yaani vifaa vinavyotumia mwangwi wa sauti kuonyesha samaki kwenye kioo, zilizoanza kuenea baada ya kampuni ya Garmin kutoa LiveScope mwaka 2018, zimebadilisha ujuzi wa watu wengi. Zimeonyesha kwamba krapi wengi, hasa wakubwa, hukaa mbali na kichaka chochote, katikati ya maji, wakiandamana na shadi. Kwa samaki hao kina ndicho maficho. Wanaojua kanuni ya kina walikuwa wakiwapata hata kabla ya kioo hicho, ila kwa kupoteza muda mwingi zaidi.

Kuvua kilindini kuna gharama yake. Krapi akipandishwa haraka kutoka kina kirefu, kifuko chake cha hewa huvimba, na hata akirudishwa huweza kuelea na kufa. Texas kanuni ya kawaida ni urefu usiopungua inchi 10, yaani sentimita 25, na samaki 25 kwa siku. Lakini kwa sababu ya vifo hivyo, kwa ziwa la Lake Fork jimbo hilo liliwahi kuweka utaratibu maalumu wa Desemba hadi Februari: kipimo cha urefu kiliondolewa, na kila krapi uliyemvua, mkubwa au mdogo, ulimchukua na kumhesabu. Kanuni hubadilika na kila jimbo lina zake, kwa hiyo soma za mwaka huo unapokata leseni. Na pasipo na sharti kama hilo, ukiwa mita 9 na kuona wanaopanda ni wadogo mfululizo, ng'oa nanga utafute kundi lingine badala ya kuendelea kuchambua hapohapo.