Walimhoji Mara Tisa, Wakamwacha

Nikisema nafundisha upelelezi wa jinai, swali la kwanza huwa lilelile: wauaji wa mfululizo ni vichaa, au wamezaliwa hivyo? Huwa nalijibu kwa kifupi, maana linalonikosesha usingizi mimi ni makaratasi ya polisi.

Chukua kesi ya Peter Sutcliffe, dereva wa lori kutoka Bradford, Uingereza, aliyeua wanawake 13 kati ya 1975 na 1980. Alikuwa na mke, nyumba na ajira. Mahakamani alidai kwamba sauti ya Mungu ndiyo iliyomtuma. Jopo lililosikiliza kesi halikumwamini.

Mauaji mengi hupelelezwa kuanzia nyumbani: mume, jirani, mtu anayedaiwa, mpenzi wa zamani. Muuaji wa namna hii huwaendea watu asiowajua, kwa hiyo uzi huo haumfikii. Polisi hubaki kukusanya kila kitu kuhusu kila mtu. Katika kituo cha Millgarth mjini Leeds, kadi za taarifa zililundikana hadi sakafu ikabidi iimarishwe.

Mwaka 1977, kwenye mkoba wa mwanamke aliyeuawa Manchester, ilikutwa noti mpya ya pauni 5. Wapelelezi walifuata namba yake hadi benki, kisha hadi kampuni zilizochukua fedha hapo kulipa mishahara. Kazi safi kabisa, hapo sina la kuwalaumu. Wafanyakazi maelfu walihojiwa, Sutcliffe akiwemo. Alisema alikuwa nyumbani, mkewe akaunga mkono, wapelelezi wakaondoka. Baadaye namba za gari lake zilinakiliwa na polisi mara kwa mara kwenye mitaa ya makahaba, akahojiwa tena. Lakini habari za noti zilikuwa kwenye kadi moja na za gari kwenye nyingine, na hakuna aliyeziweka mezani pamoja. Kwa jumla alihojiwa mara tisa.

Kisha ukaja mkanda wa sauti, Juni 1979. Mtu mwenye lafudhi ya Sunderland, mji wa kaskazini-mashariki mwa Uingereza, alijitangaza kuwa ndiye muuaji, na mkuu wa upelelezi, George Oldfield, akamwamini. Tangu hapo, asiye na lafudhi ile alikuwa na nafasi kubwa ya kuondolewa kwenye orodha. Wanawake watatu zaidi waliuawa. Mwenye sauti, John Humble, alikuja kunaswa 2005 kwa vinasaba vya mate kwenye bahasha ya barua aliyowatumia polisi.

Wapo pia walioshambuliwa wakapona. Binti wa miaka 14 wa Silsden, aliyepigwa 1975, alieleza sura ya mtu huyo vizuri sana. Kesi yake haikuhesabiwa kwenye mfululizo, kwa kuwa polisi walikwisha amua kwamba mtu wao huwinda makahaba. Kosa hili ndilo linalonikera kuliko la mkanda. Hapa hapakuwa na tapeli wa kumsingizia.

Sutcliffe alikamatwa Sheffield, Januari 1981, kwa sababu ya namba bandia za gari. Kabla ya kupelekwa kituoni aliomba kwenda kujisaidia. Kesho yake sajenti Robert Ring alirudi mahali pale, akaangalia nyuma ya tangi la mafuta, akakuta nyundo na kisu.

Baada ya uchunguzi wa Lawrence Byford kuhusu jinsi polisi walivyoshughulikia kesi hii, polisi wa Uingereza walipata mfumo wa kompyuta uitwao HOLMES. Ukiingiza jina ambalo tayari limo, rekodi zake za nyuma hujitokeza. Taarifa ya binti wa Silsden ingehitaji kwanza ofisa wa kukubali kuiingiza.